Kejeli Haisahihishwi kwa Macho

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Shule,
Ofisi yenye pazia la kijani, ghorofa ya kwanza, mkabala na tangi la maji.

Shikamoo.

KUHUSU: MALALAMIKO MAKUBWA DHIDI YA BARUA YAKO NDOGO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na hapa chini nahusika mimi.

Kabla sijalalamika, ni haki yako kujua unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na sauti bora kuliko zote zilizowahi kutoka katika koo la binadamu mtaani kwetu, na nimesema mtaani kwetu kwa unyenyekevu tu, maana mitaa mingine bado sijaifanyia utafiti. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilisoma tangazo la kukatika kwa maji, watu watatu wakalia na mmoja akaokoka. Jogoo wa jirani hungoja nimalize kukohoa asubuhi ndipo naye awike, asije akaaibika mbele ya kuku. Kwa upande wa elimu, nilifika kidato cha pili na robo tatu, shuleni kwako hapohapo. Robo iliyobaki niliwaachia wenye shida nayo. Watu huniita Spika. Simaanishi yule wa bungeni, namaanisha lile sanduku linalopigiwa muziki kwenye sherehe mpaka vikombe vinatembea mezani.

Mimi ni mtoto wa kaka yake mwalimu wako wa Kiswahili, yule aliyefundisha fasihi kidato cha nne kwa miaka kumi na tisa bila kuketi. Shangazi amenilea tangu nina meno ya utoto. Mwaka huu akapata mtoto mwingine, mtoto wa jicho. Huyo daktari alimtoa, mimi nimebaki. Jicho la kulia limefungwa bandeji, na la kushoto, kwa maneno yake mwenyewe, linaona mlango na mtu mnene, basi.

Sasa, insha arobaini na moja za wanafunzi wake zilikuwa ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati. Zote zinajibu swali moja: changanua jinsi mwandishi alivyotumia kejeli katika hadithi fupi ya Kiti. Ofisi yako ilitaka alama kabla ya tarehe kumi na mbili, na jicho halijui tarehe. Shangazi akahangaika siku mbili, akapapasa bahasha, akairudisha, akaishusha tena. Mwishowe akaniambia, "Baba, wewe si unajidai unajua kusoma? Haya, soma." Nikasoma mimi, akataja alama yeye, nikaandika mimi kwa kalamu nyekundu. Alasiri nne, kuanzia saa tisa mpaka jua lilipotukatalia. Hiyo ndiyo dhambi yote.

Jumatatu barua yako ikafika. Inasema insha zote zitasahihishwa upya, na kwamba ikithibitika mwalimu aliacha kazi yake mikononi mwa mtu asiyehusika, "atapumzishwa kufundisha fasihi". Neno hilo kupumzishwa nalifahamu. Shangazi amepumzishwa wiki mbili na daktari, na ndani ya wiki hizo amegombana na redio, amegombana na paka, na juzi nilimkuta anagombana na mto. Ukimpumzisha na fasihi pia, nakuhakikishia atakufa akiwa amepumzika vizuri sana.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kuitwa "mtu asiyehusika".

Nimeitwa mengi. Nimeitwa mdomo wa bata, nimeitwa redio ya mbao, na wewe mwenyewe siku ile mstarini uliniita "kelele yenye miguu", jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka hutembea vizuri zaidi. Lakini asiyehusika? Nahusika na mwalimu kwa damu, kwa paa na kwa sufuria. Nyumbani kwetu mtu asiyehusika ni yule anayekuja kusoma mita ya umeme, na hata yeye hupewa kiti.

2. Madai kwamba alama ni kubwa mno.

Umeandika kuwa wastani wa darasa umepanda kutoka tisa hadi kumi na tano juu ya ishirini "bila sababu inayoonekana". Sababu haionekani, Mkuu, kwa kuwa inasikika.

Najua una kazi nyingi na huenda hadithi yenyewe hukuisoma, kwa hiyo nitakusimulia kwa mpigo mmoja. Bosi wa ofisi fulani anakwenda kozi. Tarishi wake, ambaye miaka yote akiingia na mafaili husema shikamoo bila kuinua macho, anaendelea kukiamkia kiti kitupu. Wenzake wanamwona, wanaogopa kuonekana hawana adabu, nao wanakiamkia. Baada ya wiki moja wanauweka muhuri wa ofisi juu ya kiti, kila mwenye karatasi anajigongea mwenyewe, na kazi zinakwenda haraka kuliko zamani. Bosi anaporudi anaambiwa asubiri nje kwenye benchi, kiti kiko kikaoni. Imekwisha. Mwenyekiti ukimwondolea mwenye, kinabaki kiti. Hilo la mwisho halimo katika hadithi, ni langu, na shangazi alisema kama ningeliandika kwenye mtihani badala ya kulala angenipa tano.

Mwongozo wake unasema kejeli ni kusifu kwa nia ya kukosoa. Hapo ndipo macho yanapofika mwisho wa barabara. Chukua neno hongera. Liandike: hongera. Limelala tu hapo kama mjusi ukutani, huwezi kujua kama ni la bwana harusi au la mtu aliyevunja sahani. Mpaka litamkwe. Mama mtu akikuambia hongeeera, akaivuta ile e mpaka mlangoni, wewe tafuta ufagio ukusanye vigae. Chukua neno haya. Kuna haya ya twende zetu, kuna haya ya nimechoka nawe, kuna haya ya jaribu uone, kuna haya ya nimekubali, na kuna ile haya ya aibu ambayo wengine tulizaliwa zimekwisha. Kwa macho zote ni herufi nne.

Ndiyo maana kila insha niliipa sauti yake. Kijana mmoja aliandika, tena bila mzaha, kwamba hadithi ile inatufundisha kutunza samani za ofisi, maana kiti kikitunzwa hudumu. Kwa macho yako angepata mbili. Mimi nilimsoma taratibu, kwa sauti ya mtu mzima aliyeona mengi, nikatua kabla ya "hudumu", nikashusha pumzi. Shangazi akajiinua kwenye kiti. Halafu akasema, "Huyu mtoto. Huyu mtoto ni hatari. Anauigiza ujinga wa ofisi nzima kwa sentensi moja. Kumi na nane." Kosa la nani hapo? Kijana alifikiri la kwake akaandika, mimi nikalisoma, shangazi akafikiri la pili lililo bora. Watu watatu tumefanya kazi juu ya insha moja, na ni lini umewahi kuona watu watatu wakifanya kazi kwa pamoja shuleni kwako.

Mwingine aliandika: "Kejeli ni muhimu. Kejeli hujenga jamii. Bila kejeli jamii haijengeki." Akaendelea kujenga hivyo hivyo kurasa tatu. Nilimsomea kwa sauti ya mgeni rasmi anayezindua choo cha soko. Kumi na sita, na shangazi alifuta chozi kwenye jicho lile linaloruhusiwa kulia.

Nakiri kuna wachache niliwasoma kwa sauti ya kawaida kwa sababu koo lilikauka na birika lilikuwa mbali. Hao walipata tisa. Ule wastani wako wa zamani ndio huo.

3. Mwalimu wa hesabu.

Umependekeza insha zisahihishwe upya na mwalimu wa hesabu, "kwa kuwa hana upande". Ana upande, Mkuu. Ana upande wa nyuma, na upande huo uliungua.

Dirisha la sebule yetu linatazamana na meza ya dobi. Ukinyoosha mkono unaweza kumwazima kiberiti. Dobi ni msikilizaji ambaye taifa lolote lingejivunia. Siku ya pili ya kazi nilikuwa naisoma insha inayodai kwamba bosi aliporudi aliketi kwenye benchi akaanza kufanya mazoezi ya shikamoo kwa sauti ya chini. Dobi akacheka, akaweka mikono kiunoni ili acheke vizuri. Mikono yote miwili. Pasi ikabaki ilipokuwa. Ilipokuwa palikuwa mgongoni mwa shati jeupe la mwalimu wa hesabu.

Mwalimu alipokuja kesho yake kulichukua, alikuta mgongoni pana picha kamili ya pasi, rangi ya kahawia, imetoka bila kutetereka. Akauliza kulikoni. Dobi, ambaye hajui kusema uongo hata unapohitajika, akamjibu, "Mwalimu, mimi sina kosa. Ni kejeli." Mwalimu akasogea mpaka dirishani kwetu, shati mkononi, akanisikiliza nikisoma insha tatu nzima. Hakutikisa hata sharubu. Nilijitahidi, nakuapia, ya tatu niliisoma nimesimama. Kisha akasema, "Kumbe ndivyo mnavyosahihisha," akaondoka. Siku iliyofuata habari ilikuwa mezani kwako.

Sisemi ana kinyongo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyenisikia nikisoma insha tatu akabaki na uso wa ubao wa tangazo, huyo asipewe kusahihisha kejeli. Mpe jedwali, wataelewana.

4. Mwongozo wa kusahihisha hauna alama za kucheka.

Alama tano za fasili ya kejeli, tano za mifano, tano za mlengwa, yaani yule anayechekwa, na tano za lugha. Nimeigeuza karatasi ile pande zote mbili, nimeiinua hata kwenye mwanga. Kucheka hakumo. Ni sawa na mtu apime chumvi kwa futi kamba.

Sisi tulirekebisha kimyakimya. Dobi akiweka pasi chini, alama moja. Akirudia sentensi peke yake huku anakunja suruali, mbili. Siku moja alipaza sauti kutoka kwake, "Mama mwalimu, huyo muongeze, amenisema mpaka mimi." Shangazi akamjibu, "Wewe kunja nguo za watu." Lakini aliongeza. Ile insha uliyoiwekea alama ya kuuliza pembeni, iliyopata ishirini na moja juu ya ishirini, sasa unajua ile moja imetoka wapi.

5. Ile sifuri.

Aya yako ya tatu yote inahusu insha namba ishirini na saba, ya binti wa fundi kufuli. Unasema imepewa sifuri ilhali ina kurasa nne zilizojaa. Unasema baba yake alikuletea ofisini akaiweka mezani. Unasema bila kufaulu fasihi binti hawezi kuendelea na masomo ya juu, na kwamba tangu Alhamisi hajaonekana darasani. Umeambatisha nakala.

Hili nalo nina majibu yake. Kwanza, sifuri ni tarakimu ya duara, haina kona ya kumchoma mtu. Pili, katika watu arobaini na moja lazima mmoja awe wa mwisho, hata kwenye foleni ya peponi yupo. Tatu, kama kejeli ni kusema kinyume, basi aliyepewa sifuri katika kejeli huenda amepewa ishirini, atulie atafakari. Nne, mwandiko wake ni mdogo kama sisimizi waendao msibani. Tano, mtoto wa fundi kufuli hakosi mlango wa kufungua. Sita.

Sita sina. Tuliruke hili, Mkuu, kuna mambo makubwa zaidi.

6. Barua yako haina sauti.

Uliandika: "Tunathamini sana mchango wa mwalimu katika shule hii." Niliisoma sentensi hiyo mara tatu mbele ya kioo. Kwa sauti ya kwanza ulikuwa unampenda. Kwa ya pili ulikuwa umeshampakia vitu vyake kwenye boksi. Kwa ya tatu ulikuwa unamuulizia kitabu cha maktaba. Shangazi akaniita kutoka sebuleni, "Barua ya nani hiyo unaifanyia mazoezi?" Nikamwambia ya shule. Akasema, "Ilete hapa kwenye masikio yangu." Nikamsomea kwa ile ya kwanza. Akatabasamu, akasema, "Mkuu ana roho nzuri, ila koma zinamshinda." Ona nilivyokulinda. Ningechagua sauti nyingine ungekuwa sasa hivi na adui mwenye jicho moja, na hao ndio wenye shabaha.

7. Maombi.

Kutokana na hayo yote naomba, kwa heshima na taadhima, alama za shangazi ziachwe kama zilivyo, na yeye aachwe na fasihi yake. Naomba niteuliwe Msomaji Mkuu wa Kejeli, ofisi yangu iwe na dirisha linalotazama kwa dobi. Naomba kuanzia mwakani kila mtahiniwa aje na sauti yake kwenye chumba cha mtihani, kama anavyokuja na kalamu, na asiye na sauti aazimwe. Maktaba yako ina kibao kinachosema SOMA KIMYA. King'olewe. Kusoma kimya ndiko kunakowafanya watu waoane na wasiowafaa. Mtu anasoma barua peke yake chumbani, anajitilia sauti anayoitaka yeye. Hatimaye naomba ofisi zote za umma, barua zinapotoka, zitoke na mtu wa kuzisoma, ili tujue tunaposifiwa na tunapotukanwa. Hata kibao cha KARIBU langoni kwako kisomwe na mlinzi kwa kinywa chake kila asubuhi, tuone kama ataweza bila kucheka.

Nasalimia karani wako mwenye miwani ya uzi. Nasalimia mlinzi, simaanishi vibaya hapo juu. Nasalimia walimu wote na mwalimu wa hesabu na shati lake, kila mmoja peke yake. Shangazi angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia. Dobi anakusalimu sana, anasema pazia lako la kijani ameliona kutoka barabarani, ulilete.

Ni mimi, mwenye koo lililochakaa kwa ajili ya shule isiyonitaka,

Spika.

Tanbihi.

Barua ilikuwa iishie hapo. Bahasha nilikwisha kuilamba gundi. Nimeifungua.

Jana mchana nilipita kibandani kwa fundi kufuli. Nilikwenda na kisingizio cha ufunguo wa mlango wa nyuma, ambao hauna ubaya wowote. Baba hakuwepo. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachonga ufunguo kwa tupa, na daftari zake zimefungwa kamba chini ya meza ya kazi. Akanitazama, akauliza, "Wewe ndiye Spika? Ndiye unayemsomea mwalimu?" Nikasema ndiye, nikajiweka sawa ili nisifiwe. Akapuliza vumbi la chuma kwenye ufunguo. "Mwalimu alisemaje ulipofika pale pa muhuri?"

Sina tabia ya kukosa jibu. Nikamwambia, "Alinyamaza." Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea hivyo, akaendelea kuchonga.

Shangazi alinyamaza kweli, ila si pale pa muhuri. Pa muhuri sikufika. Insha namba ishirini na saba inaanza hivi: "Kiti kile ndicho kiongozi mwema kuliko wote waliopita katika ofisi ile, kwa maana hakikumnyima mtu yeyote nafasi ya kukisalimu." Niliitazama nikafungua kinywa, na sikujua sauti ya kuipa. Nikamjaribu mgeni rasmi moyoni, akakataa. Nikamjaribu yule mtu mzima aliyeona mengi, akakataa. Sikujua kama binti anasifu, au anacheka, au kwao kuna mtu aliyewahi kukiamkia kiti. Shangazi alikuwa anangoja. Dobi alikuwa ameinua pasi. Nikasema, "Hii karatasi tupu, shangazi."

Akasema, "Tupu? Ya binti wa fundi kufuli? Hebu geuza nyuma." Nikaigeuza karibu na sikio lake ili asikie inavyogeuka. Nikasema, "Tupu." Hapo ndipo aliponyamaza, kwa muda mrefu, halafu akasema, "Basi andika sifuri." Nikaandika. Hakutaka tuendelee tena siku ile, akasema jicho linamuuma.

Aya yako ya tatu sikumsomea. Ile nakala uliyoambatisha, aliponiuliza mbona bahasha nene, nilimwambia ni fomu.

Nimeisoma nakala hiyo mara sita. Muhuri uko ukurasa wa tatu. Anasema kila aliyekwenda kujigongea muhuri alitazama nyuma kwanza, aone kama tarishi anamwona, na kwamba katika ofisi nzima tarishi peke yake ndiye ambaye hakuugusa, kwa sababu ndiye peke yake aliyeamini kwamba kiti kina mwenyewe. Sikucheka. Sijui hata sasa kama nilipaswa kucheka.

Kwa hiyo yale niliyoomba huko juu yafute. Insha zile nyingine arobaini zisahihishwe upya, hata kama ni na mwalimu wa hesabu, maana aliposimama pale dirishani nadhani alikuwa anasikiliza insha, na sisi wengine tulikuwa tunanisikiliza mimi. Shangazi asipumzishwe. Hakuna alama aliyoitoa ambayo hakuitoa kwa haki kwa kile alichokisikia. Nitamwambia yote leo alasiri akishamaliza chai, kabla barua hii haijakufikia, na aya yako ya tatu nitamsomea kwa sauti yoyote itakayotoka.

Namba ishirini na saba tu ndiyo naomba isubiri. Bandeji inatolewa Ijumaa ijayo. Aisome shangazi mwenyewe, kimya, kwa jicho lake, mimi nikiwa nje. Na kama kuna mtu anayeweza kupita kibandani, binti aambiwe kwamba mwalimu hajaisoma insha yake, hajasikia hata mstari mmoja. Nilisimama mbele yake jana, akaniuliza, na sikuweza kumwambia.